Kabla Hujamchajia Mtoto Kadi ya Geimu

Familia nyingi hutoka kwenye kiwanja cha michezo cha ndani zikiwa zimenuniana, na sababu karibu kila mara ni ileile: waliingia bila kukubaliana kitu. Watoto wakiona taa na kusikia milio, kila mmoja anakimbilia upande wake. Mama yuko dirishani kwenye foleni ya kadi, baba anaulizwa mtoto wa tatu yuko wapi. Baada ya muda mfupi salio limekwisha, mdogo analia, mkubwa anadai aongezewe, na wazazi wanalaumiana kimoyomoyo. Hakuna aliyekosa adabu hapo. Ukumbi wenyewe umetengenezwa hivyo: hauna madirisha ya kukuonyesha jua limefika wapi, mara nyingi hauna saa ukutani, na bei za michezo zimeandikwa kwa pointi, si kwa shilingi. Maamuzi yanayohitaji utulivu hayawezi kufanyika mle ndani. Yafanyike nyumbani, watoto wakiwa bado wanavaa viatu.

Nayasema haya kwa sababu nazipenda sehemu hizi na ningependa ziwafae watu. Anayelea watoto Dar es Salaam anajua shida ilivyo. Pale walipokuwa wakicheza rede na kombolela sasa pana ukuta, fremu za maduka au magari yaliyoegeshwa. Masika yakianza, tope linawafungia ndani wiki nzima. Februari jua la mchana halimruhusu mtoto kukaa nje. Mlimani City ilifunguliwa mwaka 2006, moli nyingine zikafuata, na nyingi zimetenga kona ya bembea, bwawa la mipira na mashine za geimu. Nairobi na Mombasa hali ni hiyohiyo. Mtoto anayeishi kwenye fleti, saa mbili za kupanda, kuruka na kuteleza zinamjenga mwili na kumfungua akili. Basi tuangalie namna ya kuzipata saa hizo mbili zikiwa salama na bila kuivuruga bajeti ya mwezi.

Chagua siku kwanza. Jumamosi saa kumi jioni ndiyo saa mbaya kuliko zote: sherehe za kuzaliwa zinagongana, kila mashine ina msururu wa watoto, na wahudumu wamechoka. Nenda asubuhi mara wanapofungua. Sakafu imetoka kupigwa deki, mipira haijalowa jasho, na mhudumu ana nafasi ya kumwelekeza mtoto wako namna ya kupanda. Likizo ya Juni na ya Desemba zina neema zake, kwani siku za katikati ya wiki huwa tulivu, na sehemu nyingi hushusha bei ili kujaza ukumbi. Piga simu kabla ya kutoka. Uliza kama kiingilio ni cha saa moja au cha siku nzima, kama mtu mzima anayemsindikiza mtoto analipa, kama wanadai soksi maalumu zenye vidoti vya mpira chini, na kama maji na chakula cha mtoto mdogo vinaruhusiwa kuingia. Suala la soksi linaonekana dogo, lakini ukiwa na watoto wanne na zikawa zinauzwa pale mlangoni tu, hiyo ni gharama ambayo hukuiweka kwenye hesabu. Ukishanunua mara moja, zifue uzitunze kwa ajili ya safari nyingine.

Kuhusu Idi nitasema wazi. Usiwapeleke watoto wadogo kwenye ukumbi wa ndani jioni ya sikukuu. Wapeleke siku ya pili au ya tatu, asubuhi. Najua nguo mpya zinataka kuonekana na mkono wa Idi unawasha mfukoni, lakini tarehe 1 Oktoba 2008, siku ya Idi el-Fitri, watoto wapatao 20 walipoteza maisha mjini Tabora katika disko toto, kwenye ukumbi uliojaa kupita kiasi. Walikosa hewa na kukanyagana. Ndiyo maana hadi leo sikukuu inapokaribia utasikia makamanda wa polisi wakitangaza kwamba disko toto ni marufuku. Katazo hilo lina makaburi ya watoto nyuma yake, na mzazi hapaswi kusubiri polisi ndipo alitimize. Ukifika mlangoni ukakuta watoto wamebanana hadi hawawezi kukimbia, geuka. Kawanunulie aisikrimu, watembezwe ufukweni, kesho mrudi.

Mkishaingia, kabla ya kununua chochote, zunguka ukumbi mzima mkiwa mmeshikana mikono. Dakika tano zinatosha. Tafuta mlango wa dharura. Usiishie kusoma kibao chake. Angalia kama una kufuli, kama umezibwa na makasha ya soda au mashine mbovu, kama unafunguka kuelekea nje. Machi 2018 katika mji wa Kemerovo, Urusi, moto ulizuka kwenye eneo la michezo ya watoto katika ghorofa ya juu ya moli na kuua watu 60, wengi wao watoto. Uchunguzi ulionyesha milango iliyofungwa na mfumo wa tahadhari ya moto usiofanya kazi. Mei 2024 ikawa zamu ya Rajkot, India, ambako kiwanja cha geimu kiliteketea na kuua zaidi ya watu 25, watoto wakiwemo. Kumbi hizi zimejaa sifongo, plastiki na nyaya za umeme. Moto ukishika hautoi muda. Ukiona mlango wa dharura umefungwa kwa mnyororo, mwambie msimamizi kwa heshima aufungue. Akikataa, ondoka, na uwaambie Zimamoto. Hupigi kelele za bure: unawasemea na watoto wa wengine ambao wazazi wao hawajauona mnyororo huo.

Katika mzunguko huohuo waonyeshe watoto mahali pa kukutana endapo watapotezana nanyi, kwa mfano meza ya wahudumu. Wafundishe kwamba aliyepotea haendi nje kuwatafuta. Anakwenda kwa mtu mwenye sare na kutaja jina la mama au baba. Kwa asiyejua kusema vizuri, andika namba ya simu kwa kalamu upande wa ndani wa mkono. Asubuhi kabla hamjatoka mpige picha, ili ukiulizwa amevaa nini usianze kubabaika. Familia zinazowavalisha watoto wote fulana za rangi moja zinafanya jambo la busara sana, kwani unaweza kuwahesabu wote kwa jicho moja kutoka mbali.

Sasa pesa. Tuseme umechaji kadi shilingi 20,000 na kila mchezo unakata 1,500. Hiyo ni michezo 13, na inabaki 500 isiyotosha mchezo wa kumi na nne. Ukiwa na watoto watatu, kila mmoja amepata minne, na umebaki mmoja wa kugombaniwa. Geimu nyingi huisha ndani ya dakika mbili au tatu, maana yake shilingi 20,000 zimekwenda kabla hujapata mahali pa kukaa. Fanya hesabu hii mbele ya watoto, nyumbani, kwa karatasi na kalamu. Mtoto wa darasa la pili anaielewa vizuri, na akishaielewa anakuwa mwangalifu kuliko wewe. Kisha mpe kila mmoja kiasi chake na useme, “Hizi ni zako. Zikiisha, utaendelea kwenye bembea na mteremko, kule hakukatwi kitu.” Kama wanatoa kadi zaidi ya moja bila kutoza, chukua kadi ya kila mtoto. Ugomvi mwingi unaisha hapohapo.

Namba utakayoitaja nyumbani usiibadilishe ukumbini, wala kwa machozi wala kwa sababu umeona aibu mbele ya shemeji. Kama una uwezo wa kutumia 60,000, taja 60,000 tangu mwanzo. Mtoto anayeongezewa kila akilia anajifunza kulia. Na anayejua kwamba baba akisema mwisho ni mwisho hucheza kwa furaha zaidi, kwa kuwa hana kazi ya kubembeleza.

Mashine nazo hazilingani. Inayokula pesa kuliko zote ni ile ya kioo yenye mkono wa chuma wa kunyakua mdoli. Simama karibu nayo utazame. Mkono unashuka, unamkumbatia dubu, unamwinua kidogo, kisha vidole vinalegea na dubu anaanguka alipokuwa. Mtoto ameshika kioo kwa viganja vyote viwili, anasema, “Nilikaribia!” Hakukaribia. Mashine nyingi za aina hiyo zinamruhusu mwenye nazo kupanga nguvu ya vidole, vibane sawasawa mara moja tu baada ya idadi fulani ya michezo. Mweleze mtoto ukweli huo kabla hajaigusa. Ningekuwa na sauti ningeziondoa kabisa kwenye sehemu za watoto wadogo, maana zinamzoesha mtoto tabia ya kamari: kulipa, kukosa, kuamini kwamba mara ijayo atapata. Tumeshaona vijana wetu wanavyoteketea kwenye mashine za kubahatisha za mitaani. Sioni sababu ya kuwaanzishia mapema.

Pesa yenye faida ni ile inayowakutanisha. Meza yenye vitundu vinavyopuliza hewa, ambayo wawili wanapigiana kisahani cha plastiki, hucheza wawili kwa malipo ya mara moja, na mtoto wa miaka saba anaweza kumfunga baba yake kihalali. Kurusha mpira wa kikapu kunawafaa ndugu wa umri tofauti. Mchezo wa kupiga fuko kwa nyundo kila anapochomoza, uliobuniwa Japani miaka ya 1970, unamfaa mtoto asiyejua kusoma, tena unachangamsha hata bibi. Naam, bibi acheze. Mzazi anayekaa pembeni na simu tangu anaingia hadi anatoka amenunua ulinzi wa saa mbili, na watoto wanalijua hilo. Nimewaona watoto wakigeuza shingo baada ya kila kikapu kutafuta kama mama ameona, mama ameinama kwenye skrini. Huhitaji kucheza kila kitu. Cheza michezo mitatu kwa moyo wote, shangilia, kubali kushindwa. Watakachosimulia shuleni Jumatatu ni jinsi baba alivyofungwa.

Familia zetu haziendi watu wanne tu. Mtaondoka na mtoto wa shangazi aliyekuja likizo, mtoto wa jirani na dada anayewasaidia kazi za nyumbani. Watoto wote mlioondoka nao wapate sawasawa. Kama pesa haitoshi, punguza wa kwako ili wa jirani apate. Na dada asigeuzwe mlinzi wa mabegi. Mara nyingi ni binti mdogo wa miaka kumi na minane au ishirini ambaye hajawahi kuingia sehemu kama hiyo. Mchajie na yeye, akae meza moja nanyi mnapokula, na mzazi ashike mtoto kwa nusu saa ili naye aburudike. Watoto wanaangalia jinsi mnavyomtendea kuliko mnavyodhani.

Trampolini inahitaji maneno marefu kidogo, kwa sababu ndiyo inayovunja mifupa. Hatari kubwa haiko kwenye kuanguka nje, hasa zile zilizozungushiwa sifongo. Iko kwenye kurukia pamoja. Kaka wa miaka kumi na mitatu akitua wakati mdogo wake wa miaka minne ndiyo kwanza anashuka, kitambaa kinamrudishia mdogo nguvu ya uzito wa kaka. Goti au mfupa wa muundi unaopokea nguvu hiyo ni mwembamba, na huweza kupasuka bila mtoto kuanguka wala kugongana na mtu. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kimeonya kuhusu hili kwa miaka mingi, na ushauri wa madaktari ni mtoto mmoja kwa wakati mmoja, huku walio chini ya miaka sita wakiwa hatarini zaidi. Kwa hiyo muombe mhudumu atenge wadogo na wakubwa. Kama hakuna utaratibu huo, wadogo waende kwenye bwawa la mipira. Usimrukie mtoto ukidhani unamfurahisha, wala usimpakate mkaruka pamoja. Sarakasi za kupinduka kichwa chini wakatazwe wote. Jeraha la shingo halina likizo. Mtoto akichechemea au akikataa kukanyaga baada ya kuruka, usimkande wala kumvuta mguu. Apigwe picha ya eksirei.

Kwenye mteremko kosa la kawaida ni la upendo: mama anampakata mtoto wa mwaka mmoja na nusu wateleze pamoja. Kiatu cha mtoto kikinasa pembeni, uzito wa mama unaendelea kushuka na mguu mdogo unapindika. Kama hawezi kuteleza peke yake, mteremko huo bado si wake. Na usimweke mtoto mchanga chini ya mteremko ili apigwe picha. Anayeshuka hawezi kusimama.

Mavazi yafikiriwe. Gauni la Idi lenye malinda litamnasa kwenye ngazi za kamba. Avae suruali laini na fulana isiyo na kamba shingoni. Binti anayejisitiri avae ushungi wa kuvuta kichwani usio na pini, kwa kuwa pini moja ikidondoka kwenye bwawa la mipira itamchoma mtoto mwingine. Hereni ndefu, mikufu na bangili vibaki nyumbani. Chukua sweta, kwani atatoka jasho jingi kisha akae chini ya kiyoyozi.

Sweta hilo na chupa ya maji ni muhimu mara mbili kwa mtoto mwenye selimundu, na Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa nao duniani. Baridi, uchovu mkubwa na kukauka maji vinaweza kumwanzishia maumivu makali. Haimaanishi abaki nyumbani akiangalia picha za wenzake. Apumzike kila baada ya dakika ishirini hivi, anywe maji hata kama hana kiu, na avae sweta anapopumzika. Mwenye pumu aende na dawa yake ya kuvuta, ikae mkononi mwa mtu mzima, si kwenye gari. Kwa mwenye kifafa, ni wachache tu, kama watatu kati ya mia, ambao degedege lao huchochewa na mwanga unaomulika na kuzima. Muulize daktari wake kama ni mmoja wao, na kama siye, mwacheni acheze kama wenzake huku mkiwa karibu. Mtoto mwenye usonji huelemewa na kelele, hivyo saa ya kwanza baada ya kufunguliwa ndiyo yake. Mpe vizibo vya masikio, na mmoja wenu awe tayari kutoka naye nje bila kuona haya macho ya watu.

Mtoto anayeharisha, mwenye homa, tetekuwanga au mapunye asipelekwe, hata kama tiketi zimeshalipiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2024 macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam na pwani ya Kenya, tuliona jinsi ugonjwa unavyopita kutoka mkono hadi mkono, na geimu moja inashikwa na mikono mingapi kwa siku? Kabla ya kula wote wanawe kwa sabuni na maji yanayotiririka. Dawa ya kupaka mikononi inasaidia, ila baadhi ya virusi vya kuharisha haviiogopi. Chakula kije katikati, si mwanzoni: chipsi, soda na trampolini havipatani. Wakacheze, watulie, wanawe, wale, kisha wamalizie na michezo ya kusimama.

Chooni mtoto asiende peke yake, hata kama ni mkubwa kiasi na anajiona mjanja.

Kuondoka kuna namna yake. Usitamke ghafla, “Haya, tunaondoka.” Mwambie kila mmoja achague mchezo wake wa mwisho, aucheze, kisha mkutane kwenye meza ya zawadi. Kama tiketi walizoshinda zinatosha kupata kalamu tu, na zinaweza kuhifadhiwa kwenye kadi, waulize kama wangependa kuziunganisha na za safari ijayo, wapo watakaopenda. Uliza pia salio linakufa lini, andika tarehe hiyo kwenye simu.

Zawadi zenyewe zikague kabla mtoto hajaondoka nazo. Vitu vinavyowaka taa au kulia, kama pete, saa na vimidoli, mara nyingi vina betri bapa ya duara kama kifungo cha shati. Mtoto akiimeza ikakwama kooni inaweza kuunguza nyama ya ndani ndani ya saa mbili. Angalia kama kifuniko cha betri kimefungwa kwa skrubu. Kama kinafunguka kwa ukucha, kirudishe hapohapo mezani mkachague kingine. Na ukihisi ameimeza, usimtapishe wala usisubiri kuona kama itatoka. Mkimbize hospitali yenye eksirei, ukifika utaje neno betri kabla ya kitu kingine chochote.